Dawa ya Kisukari Imegeuzwa Pambo

Mwalimu mwenzangu, mgonjwa wa kisukari, alirudi mikono mitupu kutoka duka la dawa. Ozempic imekwisha, aliambiwa. Wameimaliza wanaotaka kukonda. Nilighadhibika. Dawa hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017 kutibu kisukari cha aina ya pili, hukawiza chakula tumboni na kupunguza hamu ya kula. Ndiyo sababu warembo (na watanashati, tusiwasahau) wanaigombania. Ajidungaye bila daktari hana wa kumwongoza kichefuchefu na kutapika vimjiapo, na akiacha, unene aghalabu humrudia. Matapeli nao hawakulala: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwenzangu angali anazunguka madukani, cheti mkononi.