Uchovu wa jembe au sonona? Jinsi maswali ya afya ya akili yanavyokaguliwa

Mizani ya viazi sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Je, maswali unayoulizwa kituo cha afya kuhusu huzuni na mawazo, yanakaguliwaje?

Kipimo kimoja kinachotumika sana, hata hapa Tanzania, kinaitwa PHQ-9. Kilitengenezwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001. Kina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula na mengineyo. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Kwa kawaida, anayefikisha jumla ya 10 huchunguzwa zaidi kama ana sonona.

Sasa tuseme ni Desemba, mvua zimeanza, na mama wa Mbozi yuko shambani tangu alfajiri. Akiulizwa kuhusu uchovu, atajibu "karibu kila siku". Hizo ni alama 3, na huenda ni za jembe tu.

Wataalamu hugunduaje?

Hawalinganishi wakulima wote na makarani wote, kwa sababu huenda kundi moja kweli lina wagonjwa wengi zaidi. Huchukua watu wenye jumla sawa. Kwa mfano, wakulima 100 na makarani 100, wote wana alama 8. Wakulima 70 wakisema wanachoka, na makarani 40 tu, swali hilo linatiliwa shaka. Hurudia kwa wenye alama 9, kisha 10, halafu huunganisha matokeo. Njia hii ni ya Mantel na Haenszel, ya mwaka 1959. Ilianzia kwenye utafiti wa magonjwa.

Lakini kama maswali mengi yamepinda, hata jumla imepinda. Tena hesabu haioni swali ambalo halikuulizwa. Ndiyo maana Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitengeneza kipimo cha hapahapa nchini, chenye maswali 19, na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008.

Wewe ufanye nini?

Usijibu ili umalize tu. Swali usipolielewa, omba urudiwe. Kama uchovu ni wa shamba, sema. Kama hauishi hata ukipumzika, sema pia. Na kama umekuwa ukiwaza kufa, usisingizie kazi: mwambie mhudumu wa afya leo hii.