Oicha: wa mbali tunamuchagua, wa karibu anatumwa

Mama wa mboga mu soko ya Oicha analipa kodi ya meza. Motari analipa, mwenye duka analipa, muchimbaji mwenye kushuka na gramu zake mbili za zahabu naye analipa ku njia. Kisha watoto wanapanga mulolongo ku maji na bidoni mukononi. Wengi wanauliza: pesa yetu inaenda wapi, na tunaweza kumuuliza nani?

Sheria inajibu vizuri. Oicha, makao makuu ya teritware ya Beni, ni komini ya kijijini. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema wakaaji wa komini wanachagua washauri wao. Washauri hao njo wanachagua bourgmestre, wanapitisha bajeti, na wanamuomba hesabu. Akila pesa, wanaweza kumutosha.

Lakini tarehe 20 Desemba 2023 kura ya washauri ilifanyika tu mu komini za miji yenye kuwa makao makuu ya majimbo. Goma, ndiyo. Oicha, hapana. Sisi tulichagua rais, depite wa taifa na depite wa jimbo. Bourgmestre, mwenye ofisi karibu na soko, anatumwa kutoka juu. Hata akiwa mutu muzuri, hana deni kwa mutu wa soko. Deni yake iko kwa yule mwenye kumutuma.

Kura yetu na vita

Watu wa huku wanajua uchungu wa kura. Tarehe 26 Desemba 2018, siku ine mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na sehemu za kandokando hazitapiga kura na wengine, sababu ya Ebola na usalama mudogo. Mu Beni watu walijipangia kura yao ya mufano tarehe 30, kwa kuonyesha kama wanaweza. Kura ya wadepite ilifika tarehe 31 Machi 2019. Rais alikuwa amekwisha kuapa tangu tarehe 24 Januari.

Kisha, tarehe 6 Mei 2021, ikaja état de siège. Gavana akakuwa mwanajeshi, na kazi ya bunge ya jimbo ikasimamishwa. Mu mwaka 2024 majimbo mengi yalichagua magavana. Kivu ya Kaskazini haikuchagua. Walisema ni kwa ajili ya kumaliza mauaji ya ADF, yenye kutusumbua tangu 2014. Kila familia ya Oicha inaweza kupima yenyewe kama mauaji yameisha. Jambo la pili ni hili: sauti ya raia mu mambo ya kila siku ilipunguka zaidi.

Ngambo ya mupaka, ku Kasese kwenye wafanyabiashara wetu wanapita, hata kijiji inachagua mukubwa wake. Mu Julai 2018 Waganda walijipanga nyuma ya mugombea wa LC1, macho kwa macho. Njia hiyo iko na makosa yake, lakini kila mutu anajua mukubwa wa kijiji alitoka wapi.

Muchimbaji anaguswa namna gani?

Kodi ya madini yenye kampuni za permis zinalipa (redevance) iko na mugawanyo ndani ya Code minier ya 2018: 50% ya serikali ya Kinshasa, 25% ya jimbo, 15% ya komini, sekta ao chefferie yenye mugodi, na 10% ya mufuko wa vizazi vya kesho. Ile 15% ingeweza kujenga shule ao kutengeneza barabara. Kama hakuna washauri wa kuchaguliwa, ni watu wa kutumwa njo wanaikata peke yao. Na zahabu yenye kutoka kwa siri haiachie kijiji kitu.

Mambo matatu ya kushika mbele ya 2028

Moja: unapigia kura pahali ulijiandikisha. Muchimbaji mwenye karte ya Oicha na mwenye kulala ku mashimo ya Manguredjipa atapoteza sauti yake kama hawezi kufika. Siku ya kujiandikisha, fikiri ni wapi utakuwa siku ya kura.

Mbili: ku kura ya depite wa taifa, chama chenye hakifikishe 1% ya kura za inchi nzima kwa kawaida hakipate kiti, hata kama mugombea wake amepita wengine hapa. Uliza chama, usiulize jina peke.

Tatu: depite njo anatunga sheria. Akikuletea mipira na bia, muulize: je, utasimama mu Kinshasa na kudai kura ya washauri mu Oicha, Mangina na Lume? Utarudi lini kutuambia ulisema nini? Mwenye kushindwa kujibu hayo wakati wa kampanye, hatajibu akisha kupata kiti.

Barabara ya RN4, maji, taa, jeshi ya kulinda mashamba ya kakao: vyote vinaomba mutu wa kuulizwa. Tukubali kuwa na bourgmestre wa kutumwa kwa sasa, lakini tusikubali kunyamaza. Karatasi ya malipo ya soko, uichunge. Siku washauri watakuja, hiyo njo swali ya kwanza ya kuwauliza.