Mama Anapojifungua Siku za Hatari

Mwezi huu tuzungumze juu ya mama mjamzito anayeishi mahali ambapo usiku hautembeki. Kwetu Kibiti na Rufiji jambo hili si hadithi ya mbali. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watu zaidi ya 30, wakiwemo viongozi wa vijiji na askari polisi, waliuawa katika wilaya hizi pamoja na Mkuranga. Mwaka 2017 pikipiki zilipigwa marufuku kutembea baada ya saa 12 jioni. Na pikipiki ndiyo gari la wagonjwa la vijiji vingi. Uchungu, kama akina mama mjuavyo, hauna saa.

Huko delta shida ipo hata siku za amani. Mama wa visiwani hutegemea mtumbwi au boti, na boti hungoja maji. Yakipwa, mito midogo kati ya mikoko hubaki tope tupu.

Kwa nini tunahimiza haraka? Kwa sababu mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mkunga wa jadi, hata awe hodari namna gani, hana sindano ya kukaza mfuko wa uzazi wala damu ya kumwongezea. Kwa hiyo, pasipo usalama njiani, safari ifanywe kabla ya uchungu. Mwezi wa tisa ukiingia, mama ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, kama ile ya Utete au ya Misheni Mchukwi. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha na aliyezaa mara nyingi watangulie.

Lakini mama hawezi kuondoka ikiwa nyumbani hakuna wa kushika kazi zake. Nani atalala na watoto? Nani atafukuza ndege shambani mpunga ukikomaa? Nani wawili wako tayari kutoa damu? Haya yasemwe mapema, na nauli iwekwe. Siku za hofu wanaume wengi hukimbia kijiji, hivyo mume aseme wazi kwamba mama mkwe au shangazi anaweza kuamua bila kumngoja yeye.

Usiku ukiwakuta kabla ya safari, mwiteni mhudumu wa afya aliye karibu. Damu nyingi, degedege, au kichwa kikali na macho kuona giza, havingoji asubuhi. Pigeni simu zahanati na kituo cha polisi mwombe kusindikizwa. Namba zote mbili ziwe nyumbani, maana siku zile hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa akiwindwa.

Mtoto akizaliwa nyumbani, akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kunyonya huko husaidia pia mfuko wa uzazi kukaza. Kitovuni msipake majivu wala mafuta. Kukipambazuka, hata wakionekana wazima, wapelekwe zahanati siku hiyo hiyo.