Mashine ya Kuvuta Vumbi la Mbao

Hapa kwetu Ololosokwan vumbi si jambo geni. Ng'ombe wakirudi jioni kutoka malishoni, njia yote hufunikwa na vumbi, wala hakuna anayeshangaa. Kwa sababu tumelizoea, ni rahisi mtu kufikiri kwamba vumbi la mbao katika karakana nalo ni jambo dogo la kupiga chafya tu. Sivyo hata kidogo. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji wenzangu habari za mashine ya kuvuta vumbi, jinsi ya kuisimamisha na jinsi ya kuitumia kwa salama.

Yafaa kwanza tujue adui yetu ni nani. Maranda makubwa huanguka chini ya meza, nayo hayadhuru sana. Adui ni vumbi laini linaloelea hewani, ambalo hulioni ila mwali wa jua ukipenya dirishani. Unywele mmoja una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi lililo chini ya mikroni 10 hupita puani na kuingia kifuani. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba mafundi wa samani wa mji wa High Wycombe walipatwa na saratani ya pua kuliko watu wengine. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Tena mbao zetu wenyewe, kama mvule na mpingo, zina vumbi linalowasha ngozi, macho na kifua. Mwenzetu mmoja ana pumu, naye anapenda useremala kuliko masomo yote. Kwake yeye jambo hili ndilo litakaloamua kama ataendelea na kazi hiyo ama ataiacha.

Hatari ya pili ni moto. Vumbi la mbao likijaa hewani na kukutana na cheche, hulipuka. Mwaka 2012 viwanda viwili vya mbao huko Kanada, kimoja Burns Lake na kingine Prince George, vililipuka, na katika kila kimoja wafanyakazi wawili walikufa.

Sasa, mashine yenyewe hufanyaje kazi? Mama anapopepeta nafaka, upepo huchukua makapi, na punje nzito huanguka. Mashine hii hutumia kanuni hiyo hiyo. Mota huzungusha feni iliyo ndani ya kasha la chuma. Feni huvuta hewa yenye vumbi kupitia bomba, kisha huisukuma kwenye mifuko miwili. Mfuko wa chini hupokea maranda. Mfuko wa juu, ambao ni wa kitambaa kizito, huachia hewa itoke na kulizuia vumbi. Kitambaa kikiwa chepesi, vumbi laini hupenya, na mashine hugeuka kuwa ya kulitawanya.

Katika kuisimamisha, mambo haya yasisahauliwe:

1. Iwekwe mahali palipo sawa, karibu na mashine inayotoa vumbi jingi, ili bomba liwe fupi. Kila kona kali hupunguza nguvu ya hewa.

2. Bomba liwe pana. Bomba la milimita 100, hewa ikienda kasi ya mita 20 kwa sekunde, hupitisha mita za ujazo 9 na zaidi kwa dakika. Bomba la milimita 50, kwa kasi ile ile, hupitisha robo tu ya kiasi hicho.

3. Mashine zikiwa mbili au tatu, kila tawi la bomba liwe na kifuniko cha bati, na matawi yasiyotumika yafungwe.

4. Mota na mabomba ya chuma yaunganishwe na waya wa ardhi, maana vumbi likisuguana na bomba huzaa umeme. Kazi hii ni ya fundi umeme, si ya mwanafunzi.

5. Penye jenereta, iwashwe mashine moja baada ya nyingine. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika kasi, na jenereta ndogo huweza kushindwa.

Katika kuitumia, washa mashine ya vumbi kabla ya msumeno, na uiache ikiendelea kidogo baada ya msumeno kusimama. Usivute misumari wala vipande vya chuma, kwa maana vikigonga feni hutoa cheche. Wala usiiunganishe kamwe na jiwe la kunolea chuma. Kabla ya kufungua kasha, zima na uchomoe plagi. Mfuko usingojwe ujae pomoni. Ukung'ute nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na uvae barakoa. Vumbi lisitupwe kwenye moto unaowaka, na maranda ya mbao zilizotiwa dawa yasitandikwe katika zizi la ndama.

Labda msomaji atauliza, "Je, sisi tusio na mashine hiyo tufanyeje?" Fanyeni kazi ya msasa nje, penye upepo. Vaeni barakoa inayobana vizuri usoni. Kitambaa kilichofungwa ovyo hakizuii vumbi laini. Nyunyizeni maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, mbali na nyaya za umeme. Tena, hata mwenye mashine asitupe barakoa yake, kwa sababu hakuna mashine inayovuta vumbi lote.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Wengi wetu tutakuwa mafundi, na baadhi yetu tutaajiri wengine. Meza iliyoharibika hurandwa upya, bali mapafu hayarandwi. Basi tuanze desturi hii tungali shuleni, ili mwenzetu mwenye pumu naye apate kushika randa pamoja nasi.