Rekodi njia ya kwenu kwa simu, hata bila bando

Mama akishikwa na uchungu usiku, huita usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115. Lakini barabara nyingi ndogo za vijijini Misungwi hazimo kwenye ramani za simu, na dereva mgeni hubaki kuulizia nyumba gizani. Njia iliyorekodiwa mapema itamfikisha mlangoni.

Simu hurekodi njia kwa GPS. Hupokea mawimbi ya setelaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, na ikizipata nne au zaidi hujua ulipo. Kazi hiyo haili bando.

Fanya hivi:

1. Ukiwa na intaneti, pakua programu ya OsmAnd pamoja na ramani ya Tanzania.
2. Chaji simu, kisha washa GPS na sehemu ya kurekodi safari.
3. Simama mahali peupe, mbali na miti mikubwa, hadi simu ionyeshe ulipo.
4. Anza kurekodi ukiwa barabara kuu, tembea hadi nyumbani, kisha hifadhi.

Simu haijui kama gari linapita. Kwa hiyo fuata njia ya gari, si ya mkato katikati ya majaruba, na chagua inayopitika hata wakati wa mvua.

Faili la njia unaweza kulituma kwa WhatsApp. Kwa kuwa linaonyesha unapoishi, tunashauri umpe unayemwamini tu: jirani, mhudumu wa afya wa kijiji, au dereva anayekuja kukuchukua.