Kabla ya kubandika karatasi ukutani, pima unyevu

Bariadi. Karatasi za ukutani zinazokuja na gundi yake hupendezesha chumba cha mtoto bila kumwita fundi. Lakini ukuta ukiwa na unyevu, kuvu huota nyuma ya karatasi mzazi asiione. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa unyevu na kuvu ndani ya nyumba huhusishwa na kikohozi na pumu.

Msimu wa mvua, pima kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, kiache saa 24. Ukikuta matone, usibandike karatasi. Tafuta maji yanakoingilia, uzibe, ukuta ukauke. Ukiwa mkavu, futa vumbi, anzia juu, bandua kidogo kidogo huku ukikandamiza kwa kitambaa.