Kerneli Inaposingiziwa

Mwenye kuziweka Windows na Linux katika kompyuta moja, akaiwasha asubuhi na badala ya kuulizwa neno lake la siri akakuta skrini nyeusi iliyojaa maandishi meupe, aghalabu huihukumu kerneli, yaani kiini cha Linux, papo hapo, kwa kuwa ndiyo iliyoyaandika maandishi yale. Ilhali katika kadhia nyingi za namna hii kerneli ni shahidi, wala si mtuhumiwa.

Kazi ya kuwaka hupita mikono kadhaa. Umeme ufikapo, huamka kwanza UEFI, programu iliyomo ndani ya madabodi, ambayo huitafuta sehemu ndogo ya diski ambamo mifumo yote miwili imeweka faili zake za kuanzia, kisha hukabidhi amri kwa ile iliyotangulia katika orodha yake. Ikiwa ni GRUB, kipakiaji cha Linux, hiyo huonyesha menyu, na baada ya mtumiaji kuchagua hupakia faili mbili: kerneli yenyewe, na initramfs, yaani furushi la draiva na zana chache ambazo kerneli huzihitaji kabla haijaweza kuisoma diski. Ndipo kerneli huupachika mfumo wa faili wa mzizi na kuiita systemd iendelee na yaliyobaki.

Basi la kuuliza kwanza ni nani aliyesema mwisho. Windows ikiwaka moja kwa moja bila menyu kuonekana, kerneli haijaguswa kabisa. Ni orodha ya UEFI iliyopinduliwa, na huenda ni sasisho lililoipindua. Sasisho laweza pia kuuziba mlango wenyewe: tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho lililozipiga marufuku GRUB za zamani zenye udhaifu wa kiusalama, nalo, ingawa lilikusudiwa kuziepuka mashine zenye mifumo miwili, likazigusa zisizo chache: shim, bawabu anayetangulia mbele ya GRUB, alikataliwa mlangoni, na kompyuta ikazimika kerneli ikiwa bado imelala diskini. Waliozima Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua programu za kuwashia, kwa muda, wakaifuta marufuku ile kwa amri ya mokutil, kisha wakairudisha Secure Boot, walisalimika.

Kadhia inayotisha kuliko zote ni ile ambayo kerneli hutangaza hofu na kusema kuwa imeshindwa kuupachika mzizi ulioko unknown-block(0,0). Sifuri hizo mbili ndizo habari yenyewe. Maana yake kerneli haioni diski yoyote, na sababu ya kawaida ni kwamba initramfs haikupakiwa, ama haikukamilika kutengenezwa: sehemu ya /boot, ambayo watu wengi huipa nafasi finyu, hupokea kerneli mpya na furushi lake kwa kila sasisho, hata siku moja ikajaa furushi likiwa nusu. Dawa yake ni nyepesi kuliko kishindo chake. Washa upya, bonyeza Esc hadi menyu ya GRUB itokee, ingia katika orodha ya pili na uchague kerneli ya zamani, ambayo kwa kawaida huwaka bila taabu; katika Ubuntu na jamaa zake hufuata df -h /boot kuthibitisha ujazo, apt autoremove kuondoa kerneli zilizochakaa, kisha update-initramfs -u -k all na update-grub.

Iwapo skrini imekaa kimya, simama juu ya jina la mfumo katika menyu, bonyeza herufi e, ufute maneno quiet na splash mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl+X. Badiliko hilo ni la safari moja tu. Aidha, yapige picha kwa simu yatakayotokea, maana maadamu mzizi haujapachikwa, hakuna diski ambamo maneno hayo yatahifadhiwa.

Tafauti kabisa ni pale unapotupwa kwenye kidokezo cha (initramfs) na kuambiwa kuwa UUID fulani haipo. Hapo furushi limefika salama, bali diski yenye kitambulisho hicho haionekani: pengine sehemu yake imeumbizwa upya, pengine madabodi imewekwa katika hali ya RAID ya Intel, ambayo Windows huizoea na Linux mara nyingi huipita bila kuiona diski. Kuigeuza iwe AHCI hutatua, lakini kwa hadhari: usipoiwasha Windows kwanza katika hali salama mara tu baada ya kugeuza, itakuwa zamu yake kugoma.